Mradi wa Seiko 5: nimefika kwenye gurudumu la mizani

Aliyeniuzia saa hii ya mkononi aliniambia imekufa, maana ukizungusha kifundo cha pembeni springi inayoiendesha haijai. Mashine iliyomo ni 7S26, na hiyo haikuundwa itiwe ufunguo kwa mkono. Hujazwa na mwendo wa mvaaji. Nilipoivaa ikatembea, ila ikawa inachelewa. Nimeifungua niisafishe, kwani mafuta ya zamani yameganda.

Kilichonishika hadi usiku ni kile wanachokiita Magic Lever, ambacho Seiko walianza kukitumia mwaka 1959. Chuma kizito cha nusu duara kinazunguka nyuma ya mashine na kuzungusha kigurudumu chenye ncha iliyo kando ya kitovu. Ncha hiyo inachezesha kipande chenye mikono miwili: mmoja unavuta meno ya gurudumu linalokaza springi, mwingine unayasukuma. Chuma kikienda kulia au kushoto, springi inajaa tu. Sijaona kazi kubwa hivyo ikifanywa na vipande vichache hivyo.

Kabla ya kugusa kingine nililegeza springi yote, kwa sababu nguvu iliyobaki ikiachiwa ghafla huvunja meno ya magurudumu. Kisha nikatoa gurudumu la mizani. Hili ndilo linalohesabu muda: linayumba huku na huku, na kila likiyumba, kiuma chenye vidole vya rubi kinaachia magurudumu yasogee hatua moja. Kwa 7S26 ni hatua 21,600 kwa saa, yaani sita kila sekunde, ndiyo maana mshale wa sekunde unaonekana kuteleza.

Saa ya ufunguo ina mambo hayo hayo, bila chuma kinachozunguka. Saa ya betri ni habari nyingine: kipande cha kwatzi, aina ya fuwele, hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saketi hugawa idadi hiyo kwa mbili, mara 15, mpaka ibaki moja. Mota ndogo ndiyo inayorusha mshale. Kwa usahihi, saa inayojazwa na mwendo kama yangu haiifikii, lakini ukiifungua hiyo ya betri huoni kinachotendeka, na mimi nataka kuona.

Sasa vipande vimo kwenye benzini. Vikikauka nitatia mafuta: grisi kwenye springi, tone jepesi kwenye vito vinavyoshika ncha za magurudumu. Meno yenyewe yabaki makavu.