Siku moja na Toyota IST nyeupe: kuosha, kupiga polishi, kupaka nta

Saa 12:30 asubuhi. Gari liingie kivulini kabla jua la Dar halijachemsha bati. Weka kiganja kwenye boneti: kama huwezi kukiacha hapo, usianze, maana shampuu itakaukia juu na polishi itageuka unga. Kwenye kibati kilicho ndani ya boneti, angalia maandishi C/TR. Namba ya kwanza ni ya rangi. Hii ni 040, nyeupe ya Toyota ambayo mara nyingi haina klia, yaani safu angavu ya kinga, juu yake. Tutarudi hapo.

Saa 1. Rimu kwanza, kwa brashi na ndoo yake, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma na likihamia mlangoni ni msasa. Kisha mwagia gari maji mengi kabla ya kuligusa. Ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glovu ya maikrofaiba kila unapomaliza sehemu. Anza paa, shuka, bampa ziwe za mwisho. Sabuni ya unga ibaki kwenye nguo. Huondoa nta yote, na punje zisizoyeyuka hukwaruza. Ile mikwaruzo ya duara inayoonekana juani haitokani na uzee wa gari. Inatokana na kitambaa kimoja kinachofuta magari yote ya foleni. Kama maji ni ya kisima cha chumvi, kausha papo hapo.

Saa 2:30. Lami hutoka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha paosheni tena. Dawa ya chembe za chuma hugeuka zambarau inapofanya kazi. Isuuze kabla haijakauka. Sasa vaa mfuko wa nailoni mkononi na upapase rangi. Ukihisi mchanga, pitisha klei, ule udongo laini wa kung'oa uchafu ulioganda kwenye rangi: kipande cha gramu 50, maji ya shampuu tele, bila kukandamiza. Kikianguka chini kitupe, hata kama ni kipya. Inauma, lakini rangi mpya ni ghali zaidi.

Saa 4. Kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya maikroni 90 na 150. Ikipita 250, pamepigwa rangi upya. Mamia mengi zaidi ni dalili ya pati, ile ya kujazia mabonde ya bati. Chini ya 80, osha, paka nta, basi. Bandika tepu ya karatasi kwenye mipira, plastiki nyeusi na kona zote kali, kwani konani rangi ni nyembamba na ndiko wanagenzi wanakoichoma.

Saa 4:30. Mraba wa majaribio, sentimita 50 kwa 50. Anza na pedi laini na polishi nyepesi. Ukali uongezwe pale tu mikwaruzo inapokataa. Kwa anayeanza, chukua mashine inayozunguka huku ikiyumba, si ile ya mzunguko mmoja ambayo hupasha rangi sehemu moja hadi iungue. Matone manne yanatosha. Sambaza kwa spidi ya 1, panda hadi 4, pita polepole mara nne hadi sita kwa njia za kukatana. Chora alama ya kalamu pembeni mwa sahani ya pedi: alama ikisimama, unakandamiza mno.

Pedi itajaa weupe. Kwenye 040 isiyo na klia hiyo ni kawaida, ni rangi yenyewe inayotoka. Kwenye gari lenye klia, rangi ikionekana kwenye pedi umeshatoboa, zima mashine. Safisha pedi kwa brashi kila mraba, la sivyo uchafu ule hukauka na kuchora mikwaruzo mipya. Mkwaruzo unaokwama ukucha uache. Kuufuta ni kukonda rangi yote inayouzunguka. Na klia iliyobabuka magamba haina polishi, ni kazi ya fundi rangi.

Saa 7, chakula na kufua pedi.

Saa 8 hadi 10, milango, madigadi, buti, kwa mtindo uleule. Usibadili polishi katikati kwa sababu ya uchovu.

Saa 10. Futa kwa alkoholi ya isopropili, sehemu moja kwa nne za maji. Mafuta ya polishi hufunika mikwaruzo, na ukiyaacha, gari litang'aa leo na kuaibisha wiki ijayo. Kisha nta, safu nyembamba kiasi cha kuonekana kama ukungu. Pitisha kidole, ikifutika bila kuacha utelezi, iondoe kwa kitambaa safi.

Saa 11:30 jioni, makabidhiano. Mwenye gari aambiwe mawili: asiegeshe chini ya mwembe, na kinyesi cha ndege kilowekwe maji na kutolewa siku hiyohiyo, kisisuguliwe kikiwa kikavu.