Mnaoniuliza kuhusu kazi ya maabara Uingereza, anzeni hapo hapo nyumbani

Tangu niseme nafanya kazi maabara ya hospitali huku kaskazini mwa Uingereza meseji hazikauki, vijana wa Mbeya, wa Iringa, wa Njombe, na juzi binti wa dada yangu yuko Mafinga kamaliza form four ana C ya Baiolojia na D ya Kemia akaniambia mamdogo nifanyie mpango nije nisomee maabara huko huko, kwanini nipoteze miaka mitatu hapa. Tumeongea sana kwenye simu na nikaona niandike kabisa maana swali lake ndo la wengi. Jibu langu ni hapana, usije huku kusomea hii kazi yangu, soma hapo hapo, na nataka nieleze vizuri kwasababu naipenda hii kazi na sitaki mtu aingie akiwa na picha ambayo sio.

Kwanza mjue nafanya nini. Mimi ni msaidizi wa maabara, kwenye beji wameandika MLA. Sitoi majibu. Anayeyasoma majibu na kuyaidhinisha ni mtaalamu mwenye digrii na usajili wa HCPC, hilo ndo baraza lao. Sisi wasaidizi tunapokea sampuli, tunakagua, tunaingiza kwenye kompyuta, tunabandika bakodi, tunazungusha damu kwenye sentrifyuji, tunazipakia kwenye mashine, tukimaliza tunazihifadhi na zikifika muda wake tunazitupa kwa utaratibu. Ukisikia hivyo unaweza sema aah kumbe kazi ya kubandika stika. Subiri kwanza.

Jioni ndo utaielewa hii kazi. Magari yanayozunguka kwenye vituo vya afya vya mitaani yanarudi karibu wakati mmoja, mifuko inamwagwa mezani, wodini nako wanatuma kwa lile bomba la upepo linakohoa kila dakika, na kila tyubu ni mtu. Unashika tyubu kwa mkono mmoja fomu kwa mwingine unasoma jina lote, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya huku, ambayo ina tarakimu kumi, kimoja kikigoma unasimama hapo hapo, huendelei kwasababu foleni ni ndefu. Halafu rangi ya kifuniko. Zambarau ni ya kuhesabu chembe za damu, ile mnayoita FBP huko. Ya bluu ni ya kuangalia damu inavyoganda, hii lazima ijae mpaka kwenye mstari maana dawa iliyomo imepimwa sehemu moja kwa sehemu tisa za damu, ikija nusu tunaikataa hata kama nesi analia kwenye simu. Kijivu ya sukari. Njano yenye jeli ni ya figo, ini, chumvi za mwili. Pinki ni ya benki ya damu na hiyo ndo haina mchezo kabisa, maelezo ya mgonjwa yanaandikwa pale pale kitandani kwake, stika iliyoandaliwa kabla hatupokei, na kama mgonjwa hajawahi kupimwa grupu hapo tunataka sampuli ya pili iliyotolewa wakati mwingine ndo apewe damu ya grupu lake, kabla ya hapo ikiwa ni dharura anapewa O. Watu wanaona usumbufu. Ila ukimpa mtu wa grupu O damu ya grupu A unaweza kumuua, na mara nyingi kosa lenyewe linaanzia kwenye jina sio kwenye mashine.

Aliyenifundisha ni mama mmoja wa Kifilipino, ana miaka mingi kwenye hiyo meza, mpole lakini kwenye lebo hana undugu na mtu. Wiki zangu za mwanzo aliniita akanionyesha kwenye skrini majibu ya mgonjwa mmoja, potasiamu imepanda mpaka pale ambapo moyo haupaswi kuwa unapiga, kalsiamu imeshuka chini kabisa, na mgonjwa mwenyewe yuko wodini amekaa anakunywa chai. Akaniuliza unaona nini? Nikakaa kimya. Akachukua tyubu ya zambarau akanionyesha unyevu uliopakwa ndani, ile ni EDTA, ni chumvi ya potasiamu na kazi yake ni kuinasa kalsiamu ili damu isigande. Aliyemchoma mgonjwa kuchukua damu alijaza ya zambarau kwanza, ya njano ikawa haijatosha, akamimina kutoka huku kwenda kule. Basi. Kama pasingekuwa na mtu wa kusimama na kusema haya majibu sio ya huyu mtu, daktari angeanza kutibu ugonjwa ambao haupo. Ndo maana kuna mpangilio wa kutoa damu, bluu inatangulia, njano inafuata, zambarau baadae, kijivu mwishoni, na nyie mnaosomea unesi hapo Mbeya msichukulie ule mpangilio kama wimbo wa kukariri wa mtihani.

Nikaendelea kujifunza kuhusu hiyo hiyo potasiamu na hapa ndo nilianza kuwaza nyumbani. Chembe nyekundu zimejaa potasiamu ndani, na kuna pampu ndogo kwenye ngozi ya chembe inayoizuia isitoke, sasa hiyo pampu baridi inaipunguza nguvu. Damu ikikaa kwenye baridi masaa mengi bila chembe kutenganishwa na maji ya damu, potasiamu inavuja taratibu kwenda kwenye maji ya damu, na ukiiangalia kwa macho haina wekundu wowote wa kukushtua, iko safi kabisa. Huku inajulikana kabisa kwamba msimu wa baridi potasiamu za wagonjwa wa vituo vya mbali zinapanda bila ugonjwa. Nilivyosikia hivyo nikaikumbuka Makete mwezi wa saba. Mnaoishi kule mnajua, barafu asubuhi kwenye majani kule Kitulo, mtu anatoka zahanati na kibegi cha sampuli nyuma ya bodaboda anaenda hospitali ya mbali, na wote tumefundishwa kwamba sampuli ikikaa kwenye joto inaharibika, sijawahi kusikia mtu kwetu akiniambia baridi nayo inaharibu. Kama we ni mtu wa maabara wa kituo cha huko juu na una sentrifyuji, zungusha damu yako utenganishe kabla haijasafiri. Huo ndo ujuzi ninaoutaka urudi nyumbani kuliko hata pesa.

Sasa mafunzo yenyewe ya huku yakoje. Hamna chuo cha kukaa darasani kwa hii nafasi yangu. Wanaangalia umemaliza sekondari na una Kiingereza, hesabu na sayansi, unaitwa intavyuu, wanakucheki rekodi ya polisi, wanakuchoma chanjo ya homa ya ini B, unaanza. Unapewa mafaili ya taratibu za kazi, kila kitu kina karatasi yake, namna ya kufungua sentrifyuji tyubu ikipasuka ndani, namna ya kufuta damu iliyomwagika, unasoma, unamwangalia mwenzio akifanya, unafanya anakuangalia, halafu anasaini kwamba umeweza. Kisichosainiwa hukigusi peke yako. Mwaka ukipita wanasaini upya. Wakaguzi wanakuja na kiwango cha ubora wa maabara kinaitwa ISO 15189 wanauliza karatasi hizo hizo. Kuna vyeti vya IBMS, chama cha watu wa maabara huku, unaweza kufanya ukiwa kazini, na kuna uanagenzi kwa anayeanza mdogo. Mshahara, maana najua ndo mnachosubiri: NHS wanalipa kwa ngazi zinaitwa bendi, nafasi hizi ni bendi ya 2 au ya 3, na kwa mwaka wa 2024/25 bendi ya 3 ilianzia pauni 24,071 kwa mwaka kabla ya makato. Ukigeuza kwenda shilingi unapiga kelele, ila kodi ya nyumba, umeme, nauli na gesi ya kupasha nyumba vyote ni kwa pauni hizo hizo, kinachobaki ni kidogo kuliko wanavyodhani ndugu zetu wanaopiga simu mwezi wa kwanza wa ada.

Na hapa ndo nafika kwenye hoja yangu kwa huyu binti wa Mafinga. Msaidizi wa huku anaweza kufanya kazi miaka kumi asiweke jicho kwenye hadubini. Sio uvivu, ndo mfumo ulivyo, kila mtu na kipande chake. Wakati mwanafunzi wa diploma hapo nyumbani anatengeneza slaidi ya malaria mwenyewe, tone nene na tone jembamba, anapaka rangi ya Giemsa, anahesabu vimelea kwa macho, anapaka ile rangi nyekundu ya kutafuta TB kwenye makohozi, anapima choo, mkojo, grupu la damu, CD4 zile chembe za kinga, na kwenye hospitali ya wilaya zamu ya usiku anaweza kuwa yeye peke yake na mashine moja ya FBP. Huyo ni mtu wa maabara kamili. Na msidhani Nyanda za Juu ni mwisho wa dunia kwenye hii fani, kipimo cha GeneXpert kinachotoa jibu la TB ndani ya masaa mawili kilijaribiwa kwa wagonjwa wa Mbeya pale NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011, dunia nzima imesoma. Kazi nayo ipo. Kwenye ule utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe yalikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, kila mmoja kwenye hao akiwa kwenye dawa anatakiwa apimwe wingi wa virusi, kila mtoto wa mama mwenye maambukizi anatolewa tone kwenye kisigino linakaushwa kwenye karatasi linasafiri kwenda kupimwa, nani anapokea hayo yote? Watu wa maabara. Mimi nikiangalia naona mahali panapohitaji mikono kuliko huku.

Akaniambia sawa mamdogo lakini nataka baadae nije huko. Sawa mwanangu, basi sikiliza njia. Ingia diploma kwanza, angalia kitabu cha udahili cha NACTVET, lile baraza la vyuo vya ufundi, kwenye kozi ya maabara uone kama ufaulu wako unatosha, Kemia na Baiolojia unazo, hakikisha chuo kimesajiliwa kabla hujalipa hata shilingi ya fomu. Iringa pale RUCU, chuo kikuu cha Katoliki, wanayo kozi, huna haja ya kwenda mbali na mama yako. Ukimaliza unasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, fanya kazi, shika hadubini mpaka macho yazoee. Halafu digrii, chuo kikuu cha Muhimbili, MUHAS, wanayo, chuo cha Bugando Mwanza wanayo. Ukiwa na digrii na uzoefu ndo unaomba HCPC wakuangalie kama mtaalamu, ukikubaliwa unaingia bendi ya 5 ambayo mwaka huo huo wa 2024/25 ilianzia pauni 29,970, na hapo ndo mlango wa kuja kwa kazi unaanza kuwa wa kweli. Diploma peke yake huku haitoshi kukusajili, mjue mapema. Nina mwenzangu kutoka Nigeria alikuja na diploma na uzoefu wa miaka mingi, yuko meza moja na mimi anapokea sampuli, anasoma digrii jioni akitoka shifti, mtoto mdogo nyumbani, na anaujua ugonjwa kwenye slaidi kuliko vijana wanaosaini majibu. Inauma kuangalia.

Na hawa wanaowaahidi viza ya usaidizi wa maabara naomba niwaseme wazi. Bendi ya 2 na ya 3 sio nafasi za kumtoa mtu Mbeya, wengi wetu tulioko kwenye hii kazi tulishakuwepo na ruhusa ya kufanya kazi, mimi nilikuja kwa mume, wengine walikuja kusoma mambo mengine. Kuna kijana wa Uyole ameniandikia wiki iliyopita ameombwa milioni nane na mtu wa mtandaoni eti atamtafutia nafasi ya MLA, baba yake anataka kuuza shamba la viazi. Nimempigia simu mzee wake mwenyewe, nikamsalimia shikamoo baba, nikamweleza taratibu kwamba hospitali ya huku ikikutaka haikuombi hela ya nafasi, na shamba asiuze. Amenielewa. Kijana bado amenuna lakini hela ipo.

Kwa binti yangu wa Mafinga nimesema hivi, dirisha likifunguliwa omba, ada ya mwaka wa kwanza tutagawana mimi na mama yako. Na siku wakikupeleka fildi usikimbilie kwenye mashine kubwa kama wenzio, omba wakuweke kwanza pale mapokezi ya sampuli, uangalie zipi zinakataliwa na kwanini, uandike kwenye daftari. Jioni nitumie picha ya hilo daftari tuzipitie pamoja, moja moja.