Nilivyojifunza kutofautisha milingoti ya shamba letu Mufindi

Huku Mufindi, mkoani Iringa, ukisema mlingoti kila mtu anajua unaongelea nini, mti mrefu, unakua haraka, unanyonya maji, basi. Wengine wanaita mkaratusi, ni huohuo. Ila jamii yake ina aina zaidi ya 700 na karibu zote asili yake Australia, na mimi sikuwa na habari hiyo mpaka mnunuzi wa nguzo alipokuja kwa mzee, akazunguka weee, akaweka alama miti ya upande mmoja tu, ile mingine akasema hii ni ya kuni.

Bwana miti mmoja mstaafu ndo alinifungua macho. Akaniambia kijana achana na urefu, okota vitunda vya chini halafu fikicha jani unuse.

Nikaanza hivyo. Yenye kitunda kikubwa, kimoja kimoja, kina makunyanzi, hiyo ni globulus (hili na mengine nitakayotaja ni majina ya kitaalamu ya aina za mlingoti). Na hii inachanganya kweli, maana mche wake una majani mapana ya rangi ya kijivu-bluu yanakaa mawili mawili bila kikonyo, mti ukishakua unatoa majani mengine kabisa, marefu membamba yaliyopinda yananing'inia, unaweza kubishana na mtu kwamba ni miti miwili tofauti. Maidenii ni ndugu yake wa karibu, majani ya mche yanafanana lakini vitunda vidogo na vinakaa saba saba. Citriodora hata usiku unaijua, fikicha jani inanuka limau (wataalamu waliihamishia kundi la Corymbia mwaka 1995, huku kijijini hilo halijafika na sidhani kama litafika).

Zilizonitoa jasho ni grandis na saligna. Zote gamba la chini linakwaruza kama mti umevaa soksi, juu laini jeupe, vitunda vyote vidogo. Tofauti ipo kwenye vile vimeno vya mdomo wa kitunda, vya grandis vimeinamia ndani, vya saligna vimesimama au vinaangalia nje kidogo, nilikuwa napiga picha na simu halafu navuta karibu ndo naona.

Baada ya hapo kupanda ikawa rahisi. Kwenye mteremko wenye udongo wa kina nikaweka grandis kwa ajili ya nguzo, nafasi mita 3 kwa 3, inatoka miti kama 450 hivi kwa eka. Kule bondeni baridi ya Juni na Julai inaleta barafu asubuhi na miche ya grandis inaungua, nikaweka maidenii, tena mbali na kijito maana sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na hata bila sheria mimi nisingepanda pale, hawa jamaa wanakunywa. Mama mdogo yeye yuko Pawaga, hukohuko Iringa ila kule ni joto na ukame, nikamshauri camaldulensis, kwao Australia inaota kando ya mito inayokauka na kujaa, kwa hiyo shida imezoea.

Mbegu nazo ni vumbi tupu, changanya na mchanga mkavu kabla ya kusia la sivyo zinarundikana sehemu moja, mwagilia taratibu sana, zikishatoa majani mawili matatu hamishia kwenye viriba. Kuna miche ya kloni pia, yaani inazalishwa kwa vipandikizi vya mti mmoja na si kwa mbegu, chotara wa grandis na camaldulensis, inakwenda kasi na inalingana, bei ndo imechangamka.

Ukishavuna using'oe kisiki cha grandis, kinachipua chenyewe. Chipukizi zitakuja nyingi mno, zipunguze ubaki na moja au mbili, na uchague za upande unaotoka upepo, ili upepo ukivuma uzisukumie kwenye kisiki badala ya kuzibandua.