Anza Kuangalia Ndege Wakati wa Theluji

Mgeni akifika Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, kutoka kwetu Afrika Mashariki, wenyeji wake humpa nasaha mbili za msimu wa baridi: nunua koti zito, na usitoke nje ila kwa kazi. Ya kwanza naiunga mkono. Ya pili inawanyima watu kitu kizuri, maana Januari, miti ikiwa mitupu, ndio wakati bora wa kuanza kuwajua ndege wa huku.

Nina sababu. Wakati wa joto majani huwaficha, na kuna wahamiaji wengi wanaofanana hata mwenye uzoefu huchanganyikiwa. Ikifika Desemba, wengi wao wameshakwenda kusini. Wanaobaki ni wachache, na ukiwajua kumi hivi umewajua karibu wote watakaokuja uani kwako. Tena hakuna haja ya kudamka: katikati ya Januari hapa Minneapolis jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi.

Anza na chikadii. Ni ndege mdogo mwenye kofia nyeusi, koo jeusi na mashavu meupe, uzito wake kama gramu 12, karibu sawa na sarafu mbili za robo dola. Mtazame kwenye chombo cha mbegu ulichowawekea ndege uani. Huchukua moja tu, huruka nayo hadi kwenye tawi, huibana kwa miguu, kisha huigonga kwa mdomo mpaka ganda lipasuke. Nyingine haili, huichomeka kwenye ufa wa gome la mti ailie baadaye. Huficha maelfu ya mbegu namna hii, na hukumbuka alikoziweka. Usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri hujibana ndani ya tundu la mti na kushusha joto la mwili wake kwa nyuzi kumi au zaidi, ili mafuta aliyokusanya mchana yamfikishe asubuhi. Mimi nikiwa nimejifunika blanketi mbili huwa namfikiria huyu ndege, na akitokea kesho yake nafurahi kwelikweli.

Sikiliza sauti yake pia. Akiona hatari hulia «chika-dii-dii-dii», na watafiti wamegundua kwamba adui akiwa mkali zaidi, zile «dii» huongezeka. Bundi mdogo mwepesi humtisha kuliko bundi mkubwa mzito, na wenzake wakisikia huelewa.

Kadinali hana haja ya maelezo marefu. Dume ni mwekundu mwili mzima, ana kishungi kichwani, na juu ya theluji utamwona kutoka mbali. Jike ni rangi ya udongo, mdomo wa machungwa, na kwa macho yangu ndiye mzuri zaidi. Huja mapema sana au jioni giza likikaribia. Junko, wa kijivu na tumbo jeupe, hutoka kaskazini na kuokota mbegu zilizodondoka chini. Gogota wadogo huja kwa ajili ya mafuta.

Hayo mafuta ni shahamu ya ng'ombe, huuzwa ikiwa imegandishwa vipande vya mraba. Kwa mbegu, nunua alizeti nyeusi. Ganda lake ni jembamba na karibu kila ndege huila. Chombo kikae ama chini ya mita moja kutoka dirishani, ama zaidi ya mita kumi. Katikati ya hapo ndege akishtuka huruka kwa kasi inayotosha kumuua akigonga kioo. Na kisafishwe, kwa sababu uchafu huwaambukiza maradhi.

Kama mwenye nyumba hakuruhusu kuweka chombo, nenda bustanini. Karibu na Ziwa Harriet kuna hifadhi ya ndege yenye jina la Thomas Sadler Roberts, daktari wa hapa aliyegeuka mtaalamu wa ndege. Njia zake ni fupi na hakuna kiingilio. Mwenye gari aende Monticello, mwendo wa chini ya saa moja, ambako maji ya uvuguvugu ya kinu cha umeme wa nyuklia huzuia Mto Mississippi usigande. Hapo hukusanyika swani kwa maelfu, ndege weupe wenye shingo ndefu na sauti kama tarumbeta. Walikuwa wametoweka Minnesota tangu karne ya 19. Katika miaka ya 1980 mayai yaliletwa kutoka Alaska, vifaranga wakalelewa, wakaachiwa. Wapeleke watoto. Wangu waliganda vidole na bado hawakutaka kuondoka.

Halafu kuna hesabu ya Februari, Great Backyard Bird Count, iliyoanza 1998 na kufunguliwa dunia nzima 2013. Kwa siku nne, yeyote hukaa mahali angalau dakika 15, huandika ndege aliowaona, na kutuma orodha kwa simu kupitia programu za ndege za Merlin au eBird, bure. Wanasayansi huzitumia kufuatilia nani anapungua na nani anahama. Kwa hiyo mama aliye Kisumu, akiwa kivulini na chai yake, anaweza kuhesabu mbayuwayu saa zilezile sisi tunahesabu junko. Mwambieni mapema, na mpwa mwenye simu akae naye.