Nazi Ishirini za Mama Mdogo

"Nani amefariki?"

Ndivyo mama alivyoniuliza nilipomwonyesha tiketi ya treni ya kwenda Mbeya. Nikamwambia hakuna msiba. "Basi nani anaoa?" Harusi nayo hakuna. Nakwenda kutembea tu, nikasema: nipande treni, nilale humo humo, niamkie kwenye milima, nikae siku mbili, nirudi. Mama akaufunika wali, akafuta mikono kwenye kanga, akanikazia macho.

"Mwanangu, niambie ukweli. Una mimba?"

(Mama huyu huyu, treni ya umeme ya Dodoma ilipoanza mwaka 2024, hakunipa amani mpaka nilipompandisha. Hana ndugu Dodoma, hana shauri Dodoma. Tulipokuwa kwenye foleni nikamwinamia sikioni nikamuuliza nani amefariki. Alinifinya.)

Ilikuwa Julai 2011. Nilikuwa na miaka 22, nafanya kazi kwenye kibanda cha kutoa kopi Barabara ya Nyerere, hatua chache kutoka stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Siku za treni wateja wangu walikuwa abiria, na miongoni mwao wazungu wenye mabegi ya mgongoni wanaotaka kopi ya pasipoti kabla ya kuondoka. Nilizoea kuwauliza safari ya wapi. Kapiri Mposhi, Zambia. Wana nini Kapiri Mposhi? Wanacheka. Hawana kitu, wanataka kuipanda treni. Na mara moja moja ilifika ile treni ya kifahari ya Rovos Rail, ambayo tangu 1993 huleta watalii kutoka Cape Town, safari ya takriban wiki mbili. Wazee wa watu wanashuka na kofia zao pana, wanaanza kulipiga picha jengo la stesheni ambalo kwangu mimi lilikuwa kivuli cha kulia chakula cha mchana.

Wivu ndio ulionikatisha tiketi, sifichi. Kilomita 1,860 za reli zinaanzia mbele ya kibanda changu, nami nilikuwa sijavuka Morogoro.

Usiku wa kuamkia safari mama akaja na dawa ya aibu yangu: kiroba cha nazi ishirini, mdomo umeshonwa kwa kamba ya katani. "Za mama yako mdogo. Huko Mbeya nazi ni dhahabu." Kisha akatoka uani, nikamsikia anawaambia majirani, sauti imechangamka: "Kesho namtuma Mbeya."

Tulikuwa wanne chumbani, wanawake watupu. Kwenye treni ile wanaume na wanawake hawachanganywi, labda mnunue chumba kizima. Kitanda cha juu upande wangu alilala mwanafunzi wa uuguzi, naye simkumbuki uso maana alijifunika kabla hatujatoka Dar akafunuka Makambako. Chini kulia alikaa mama mmoja mnene, mchangamfu, anayepeleka vitenge na kandambili za Kariakoo hadi mpakani Tunduma. Juu yake alikuwa mama wa Kijerumani, mwenye nywele nyeupe na darubini shingoni.

"Shikamoo mama," nikamsalimia wa vitenge.

"Marahaba mwanangu. Unakwenda msibani?"

Nikaonyesha kiroba. "Nimetumwa nazi." Akaridhika papo hapo, akanisaidia kukipandisha kwenye sehemu ya mizigo juu ya mlango. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mama hakunipa mzigo, alinipa kibali.

Mjerumani hakuwa na kibali. Mama wa vitenge alimhoji kupitia Kiingereza changu cha kidato cha nne. Ana ndugu Zambia? Hana. Ana biashara? Amestaafu, alikuwa mwalimu. Sasa anafuata nini? Atapita Lusaka, atateremka hadi Livingstone kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, lakini hasa amefuata njia yenyewe. Nikatafsiri: "Anasema anakwenda kutazama njia."

"Kutazama njia," akarudia mama wa vitenge, taratibu, kama anayeonja mchuzi usio na chumvi.

Mjerumani alipoona tunamsikiliza akafunguka. Treni ndefu aliyowahi kupanda ni ya Urusi, kutoka Moscow hadi Vladivostok, kilomita 9,289 ndani ya nchi moja. Siku saba. Kila behewa lina birika kubwa la maji ya moto mwisho wa ujia, na abiria wanashinda wakinywa chai. Na saa zote za reli, stesheni baada ya stesheni, wakati ule (hadi 2018) zilikuwa zinasoma wakati wa Moscow, hata huko mwisho ambako jua lilikuwa saa saba mbele.

"Muulize," mama wa vitenge akaniambia, "sasa mtu anaswalije humo?"

Mjerumani hakuwa na jibu.

"Na siku saba zote hauzi kitu?"

Hauzi. Ila kwenye vituo, akasema, kina mama wa Kirusi huwa wanauza samaki wa kukaushwa kwa moshi, wanaovuliwa Ziwa Baikal. Akaeleza kuwa Baikal ndilo ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani. Hapo nami nikapata la kusema, maana nililikumbuka kutoka darasani: la pili ni Tanganyika.

Mama wa vitenge akapiga paja. "Kumbe nao wana migebuka yao!" Tangu hapo akawa anamwita "mzungu wetu".

Jua lilikuwa linazama tulipoingia Selous, eneo ambalo tangu 2019 sehemu yake kubwa inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Treni inakata humo katikati ya pori, na hakuna kiingilio zaidi ya tiketi yako. Ujia ulijaa watu. Swala walikuwa wengi hata wakatuchosha. Twiga watatu walisimama wakatukodolea macho kama watu wanaosubiri daladala. Kisha mtu wa behewa la nyuma akapiga kelele, "Tembo! Tembo kushoto!" Nikachomoza kichwa. Kwa kweli tembo wangu wa kwanza nilimwona makalio, makubwa, ya kijivu, yakiingia kichakani bila haraka yoyote. Nilitetemeka hata hivyo. Mjerumani alikuwa ananishika bega huku machozi yanamlengalenga.

Mama wa vitenge hakuinuka. Alikuwa anamenya chungwa. "Tembo amemaliza shamba la mihogo la mjomba wangu," akasema. "Mimi na yeye hatuna mazungumzo."

Usiku ule nilisafiri katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Mjerumani alikuwa na kitabu chake cha safari na tochi ya kichwani. Mang'ula, akasoma: milima ya Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu 1992, kuna aina ya kima wasiopatikana kwingine duniani. Mama wa vitenge akasema Mang'ula ni ndizi. Ifakara tulifika usiku wa manane, na madirishani kukawaka tochi na sauti za wauza mchele. Nikataka kununua, akanizuia mkono. "Mchele wa Ifakara unanunua ukirudi. Ukinunua ukienda unaubeba bure." Mlimba, Makambako, Mbeya, Tunduma: kwa kila kituo alijua kinachopanda na kinachoshuka, bei ya gunia, na mwezi wa kuepuka. Miaka yote aliyopita njia ile, hakuwahi kuzungumzia mandhari. Lakini ukimfunga macho ukamshusha popote, angenusa tu akakwambia uko wapi.

Baada ya Mlimba reli inaanza kupanda kuelekea nyanda za juu, na hapo ndipo penye mahandaki na madaraja mengi. Kulipoanza kupambazuka Mjerumani akashuka kitandani na nguo yake ya kulalia, koti juu, akatoka ujiani kutazama. Mlango akauacha wazi. Nami nilikuwa nusu usingizini treni ilipochukua kona, nikasikia juu ya mlango kitu kinapasuka, prrr, kama mshono wa suruali.

Kamba ya mama ilikuwa imeachia.

Ya kwanza iliangukia kandambili za mama wa vitenge. Ya pili na ya tatu zikatoka mlangoni. Zilizobaki hazikungoja kualikwa. Nilipofika ujiani tulikuwa tumeingia handakini, sioni kitu, nasikia tu nazi zinabingirika, gudugudugudu, zinakwenda mwisho wa behewa. Kisha treni inapinda upande wa pili, zinarudi. Tukatoka kwenye mwanga: Mjerumani kapiga magoti, kazikumbatia nne. Handaki jingine. Milango inafunguliwa, sauti za watu, "Nini hiyo? Nini hiyo?" Mwanga. Mzambia mmoja kachungulia, mswaki mdomoni, nazi mkononi. "Huku moja!" "Hii hapa, dada!" Mhudumu wa behewa, aliyekuwa anapita na birika la chai, akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, nazi ikapita chini yake.

Mama wa vitenge alikaa mlangoni akihesabu kwa sauti. "Kumi na saba. Kumi na nane. Mwanangu, mzigo wa kutumwa ni amana, angalia tena chini ya choo pale." Ishirini zikatimia tukiwa juu ya daraja la Mto Mpanga, ambalo nguzo zake zina kimo cha takriban mita 50. Nilichungulia chini mara moja tu nikarudisha kichwa. Katika kitabu chake Mjerumani alikuwa amesoma kuwa ujenzi ulianza 1970 na reli ikakabidhiwa 1976. Nikamwambia jambo ambalo kitabu hakikuwa nalo, au alikuwa hajalifikia: Wachina zaidi ya 60 waliofia Tanzania wakati wa kazi ile wamezikwa Gongo la Mboto, na sisi watoto wa Dar tunapaita makaburi ya Wachina bila kufikiria zaidi. Akakaa kimya, nazi bado ziko mapajani.

Kisha akaniomba anunue moja. Nikamwambia achukue bure.

"Hiyo ya watu!" mama wa vitenge akang'aka. "Na ataifanyia nini? Hana hata mbuzi."

Nikatafsiri kama nilivyosikia. Mjerumani akaniangalia, akamwangalia mama wa vitenge, akauliza kwa adabu kubwa mbuzi anahusikaje. Ilibidi nimwonyeshe kwa mikono: kigoda, chuma chenye meno, mtu anakaa, anakuna. Sijui alielewa nini, kwa jinsi alivyocheka. Nazi akaitia begini.

Makambako baridi ilinipiga kofi. Mtoto wa Temeke, nimevaa blauzi ya mikono mifupi, Julai. Mama wa vitenge akafungua furushi la biashara, akatoa kitenge kipya, akanifunika mabegani, hakutaja bei. Nilipoagana nao Mbeya nikataka kumrudishia, akasema nimpelekee mama Temeke, nimwambie wakati mwingine ashone kwa uzi wa nailoni.

Mama mdogo alikuwa ananisubiri stesheni, na sweta mbili, moja kavaa. Tulipofika kwake, kabla hata ya chai, akamwaga nazi jikoni na kuanza kuhesabu kwa kidole. Akarudia kuhesabu.

"Kumi na tisa. Dada kanipigia simu, kasema ishirini."

"Moja imekwenda Zambia, mama."

"Zambia! Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Imekwenda kutembea tu."

Mama mdogo akainua macho kutoka kwenye nazi. "Una mimba?" akaniuliza.