Wimbo wetu

Leo alasiri nimepita Mji wa Kale kumjulia hali bibi mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa Mombasa.

Redioni ikaingia taarabu ya marehemu Juma Bhalo.

Bibi akanyamaza. Kijiko kikasita ndani ya kikombe. Kisha akaimba taratibu, kwa Kihindi, mahadhi yale yale!

Bhalo alizichukua nyimbo za sinema za Kihindi akazivika maneno ya Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa. Hilo nalijua tangu utotoni. Lakini kuzisikia zote mbili chumba kimoja... mwili ulinisisimka.

Mkoloni alitugawa kwa rangi, hata shule zikawa mbalimbali.

"Wimbo wetu huu, mwanangu," akaniambia.

Wetu.

Kwenu mlisikiliza nyimbo zipi? Nambieni.