Ridimu moja, sauti kumi, ujumbe wa amani

Mkusanyiko wa ridimu ya amani, yaani biti moja inayoimbwa na wasanii wengi kila mmoja na wimbo wake, huharibikia kwenye mashairi kabla ya kufika kwenye miksi. Ukiwatumia wasanii kumi biti moja na kuwaambia tu "imbeni amani", wengi watakurudishia kiitikio kile kile: tupendane, tuungane. Kufika ngoma ya tatu msikilizaji ameshachoka. Mpe kila mmoja mada yake mapema: huyu aimbe mama aliyezika mwanawe, yule kijana anayepewa bunduki na wanasiasa, mwingine majirani walioanza tena kusalimiana baada ya uchaguzi. Reggae ya amani hushika inapoutaja ugomvi wenyewe. Kingston, mji mkuu wa Jamaika, ya miaka ya 1970, magenge ya vyama viwili yalikuwa yakiuana. Ndipo Aprili 1978 Bob Marley akawaita jukwaani viongozi wa vyama hivyo, Michael Manley na Edward Seaga, akawashikanisha mikono.

Kwa biti ya wan dropu, mdundo maarufu wa reggae, weka programu kwenye mapigo 75 kwa dakika, ila uhesabu kwa kasi maradufu: moja, mbili, tatu, nne. Kiki (ngoma nzito ya mguu) na sneya (ngoma kali ya mkono) zinaangukia pamoja kwenye tatu, gitaa linakata kwenye mbili na nne, na moja inabaki wazi. Waliozoea hip hop huuziba uwazi huo kwa kiki, na mwendo wote unapotea. Kinanda na gitaa viwe chini kidogo, maana sauti ya mwimbaji inakaa eneo hilo hilo. Usiweke melodi ya tarumbeta mwanzo mpaka mwisho. Itagombana na kila kiitikio.

Kwa kasi hiyo ya 75, baa moja ya programu (mapigo manne, kabla ya kuhesabu maradufu) ni sekunde 3.2. Baa 4 za kuingilia, 8 za kiitikio, 16 za ubeti, 8 za kiitikio tena, 16 za ubeti wa pili, kisha 4 za kutokea: jumla 56, karibu dakika 3.

Wasanii warudishe sauti kavu, bila mwangwi, faili la WAV (sauti isiyobanwa) la 24-bit, na faili lianze sekunde ya sifuri hata kama mwimbaji anaingia baadaye. Asiyefanya hivyo atakulazimisha kubahatisha alipoingia. Angalia pia kiwango cha sampuli cha faili, 44.1 au 48 kHz: faili la 48 likisomwa kama 44.1 linakwenda polepole na sauti inakuwa nzito. Mwenye sauti ya chini akishindwa ufunguo, shusha besi, gitaa na kinanda nusu toni au toni moja. Kiki na sneya ziache kama zilivyo.

Tangu mtayarishaji wa Jamaika Rupie Edwards alipotoa Yamaha Skank mwaka 1974, albamu nzima juu ya biti moja, mpangilio ndio unaoiokoa. Usiwaweke waimbaji laini wote pamoja na wachanaji wote pamoja, wapishanishe. Mgawanyo wa haki za mtunzi wa biti na mwandishi wa mashairi uandikwe na kusainiwa kabla ya kurekodi. Biti tupu iwekwe mwisho, madijei wataihitaji.